Siku ya Kikao katika Bunge la Kaunti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu nimemwandikia Mkenya aliyempigia kura mwakilishi wadi tangu 2013 lakini hajawahi kukanyaga bunge la kaunti yake. Maswali ni yale ninayoulizwa stejini, nje ya msikiti na kanisa, kwenye mikutano ya chama, na zaidi ya kote sokoni. Kila bunge lina Kanuni zake za Kudumu, kwa hiyo nimeandika yale yanayofanana katika kaunti nyingi. Panapohusika Katiba au sheria ya nchi, nimetaja.

Bunge la kaunti ni nini? Si ni lile baraza la madiwani la zamani?

Hapana, ingawa wengi bado humwita mwakilishi wadi "diwani". Hadi 2013 Kenya ilikuwa na mabaraza 175 ya majiji, manispaa, miji na wilaya, na sheria ndogo zilizotungwa na mabaraza hayo hazikuwa na nguvu mpaka waziri wa Serikali za Mitaa aziidhinishe huko Nairobi. Katiba ya 2010 ilileta serikali 47 za kaunti, na kila moja ina sehemu mbili: bunge linalotunga sheria na kukagua matumizi, na kamati tendaji inayoongozwa na gavana. Bunge hilo halisubiri waziri yeyote wa serikali kuu. Sheria likishaipitisha na gavana akaitia sahihi, ni sheria.

Wazee watakukumbusha kwamba tuliwahi kuwa na mabunge ya majimbo mwaka 1963, majimbo saba, yakavunjwa Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964. Ni kweli. Haya ya sasa yamedumu zaidi, na yamefungwa ndani ya Katiba kwa namna ambayo rais hawezi kuyafuta kwa wingi wa wabunge wake peke yake.

Nani huketi humo?

Kila wadi huchagua mtu mmoja. Nchi nzima ina wadi 1,450: Nairobi ina 85, Mombasa 30, Lamu 10 tu. Juu ya hao huongezwa wanaoteuliwa kupitia orodha za vyama, ili jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanachama na ili watu wenye ulemavu, vijana na jamii zilizotengwa wapate sauti. Bila viti hivyo hesabu ingekuwa ya aibu: mwaka 2013 wanawake waliochaguliwa moja kwa moja wadini walikuwa 82, na 2017 wakawa 96, kati ya wadi zote hizo 1,450. Basi ukimsikia mtu akimdharau mwakilishi wa kuteuliwa, mwambie kura yake bungeni ina uzito sawa na ya yule wa kuchaguliwa.

Spika huchaguliwa na wanachama, lakini yeye mwenyewe hatoki miongoni mwao.

Vikao huwa siku gani na saa ngapi?

Kaunti nyingi hufuata mtindo wa Bunge la Kitaifa: Jumanne saa nane na nusu mchana, Jumatano asubuhi saa tatu na nusu na tena mchana, kisha Alhamisi mchana. Kikao cha alasiri kwa kawaida hakipiti saa kumi na mbili na nusu jioni. Kuna likizo ndefu katikati, na mara kwa mara Spika huita kikao maalum kwa jambo moja tu. Usifunge safari kutoka wadini kabla hujapiga simu kwa ofisi ya karani wa bunge kuuliza kama kuna kikao. Nimeona watu wakitoka mbali kwa matatu mbili wakakuta geti limefungwa kwa sababu bunge liko likizoni.

Siku yenyewe huanzaje?

Kengele hulia, na wanachama waliokuwa kantini na koridoni hukimbilia viti vyao. Mlango mkubwa hufunguliwa, anaingia sajenti wa bunge akiwa amebeba rungu begani, Spika nyuma yake, makarani wakifuata. Wote husimama, na wewe kwenye roshani ya wageni usimame pia. Rungu huwekwa mezani, Spika husoma sala, watu huketi. Kama wanachama hawatoshi, kengele hulia tena kwa dakika chache kuwaita waliobaki nje, na wasipotimia kikao huahirishwa papo hapo.

Baada ya hapo mambo hufuata mpangilio ambao ukishauzoea huchoki tena. Kama kuna mwanachama mpya, huapishwa. Spika hutoa taarifa yake: uamuzi kuhusu jambo lililobishaniwa wiki iliyopita, au kuwakaribisha wanafunzi waliokuja kutazama. Husomwa ujumbe kutoka kwa gavana au Seneti. Zinafuata petisheni za wananchi. Ripoti huwekwa mezani. Wanachama hutoa arifa za hoja wanazokusudia kuleta. Zinakuja kauli, yaani maswali ya wanachama na majibu yake. Mwisho ndipo miswada na hoja zenyewe hujadiliwa.

Wageni wengi husinzia ripoti zinapowekwa mezani, kwa kuwa mwanachama husimama, akasema jina la ripoti, akaketi. Nusu dakika. Lakini mimi nikibanwa na muda nikabakiwa na dakika kumi tu za kukaa roshanini, ningekaa hizo. Hapo ndipo ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti yako huingia rasmi bungeni, na Katiba inalitaka bunge liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu tangu kuipokea. Ripoti ikishawekwa mezani ni hati ya umma. Andika jina lake na tarehe, kesho nenda kwa karani uombe nakala.

Lile rungu lina maana gani?

Ni alama ya mamlaka ya bunge. Likiwa mezani, bunge limeketi. Bunge linapojigeuza Kamati ya Bunge Zima ili kupitia mswada kifungu kwa kifungu, Spika hutoka kitini na rungu hushushwa chini ya meza. Ndiyo maana siku za fujo, wanaotaka kuvunja kikao huanza kwa kulikimbilia rungu: wanajua bila hilo hakuna kinachoweza kupitishwa. Ni jambo la kusikitisha kutazama watu wazima wakining'inia kwenye kipande cha mti huku soko la wadi zao halina choo.

Wenzetu wa Tanzania huita chombo hicho siwa, na jina hilo limetoka kwetu pwani. Siwa lilikuwa baragumu kubwa lililopigwa katika sherehe za wakuu, la Pate la pembe ya ndovu na la Lamu la shaba.

Nani huamua kitakachojadiliwa?

Kamati ya shughuli za bunge, chini ya Spika, pamoja na kiongozi wa wengi, kiongozi wa wachache na viranja wao, yaani wanachama wanaosimamia mahudhurio na kura za wenzao wa chama. Wao ndio huandaa orodha ya shughuli za siku. Jambo lisilo kwenye orodha hiyo halijadiliwi, hata mwanachama apige meza namna gani, isipokuwa Spika aruhusu hoja ya dharura. Kwa hiyo ukitaka kujua kama suala la maji ya kijiji chenu litafika sakafuni, yaani kwenye mjadala wa bunge zima, wiki hii, usimuulize mwakilishi wako pekee. Tafuta orodha ya shughuli. Kaunti nyingi huiweka kwenye tovuti ya bunge, nyingine huibandika ubaoni langoni.

Mbona sijawahi kumuona waziri wa kaunti akisimama kujibu maswali?

Kwa sababu si mwanachama wa bunge. Katiba inasema gavana ateue mawaziri wake, tunaowaita hivyo mitaani, kutoka kwa watu wasio wanachama, na bunge liwaidhinishe baada ya kuwapiga msasa. Idadi yao pia ina mpaka: bunge lenye wanachama 30 au zaidi, mawaziri hawazidi kumi, lenye wanachama pungufu ya hapo, hawazidi theluthi moja ya wanachama.

Basi mwakilishi anayetaka kujua kwa nini zahanati ya wadi yake haina dawa huomba kauli. Spika huelekeza swali kwa mwenyekiti wa kamati ya afya, mwenyekiti huliandikia idara, idara hujibu, na mwenyekiti huja kusoma jibu sakafuni. Ni mzunguko mrefu na majibu mengi huchelewa. Waziri mwenyewe hubanwa kwenye kamati, asubuhi, katika chumba kidogo chenye meza ndefu. Huko bunge lina uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete stakabadhi. Mimi hushauri watu wahudhurie kamati kuliko kikao cha mchana. Kamatini ndipo mtu huulizwa, "Hii risiti iko wapi?" na asipokuwa nayo huonekana.

Kwa nini viti vingi ni vitupu?

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inahitaji theluthi moja tu ya wanachama wote ili kikao kiendelee. Bunge lenye wanachama 48 linaweza kupitisha mswada wakiwapo 16. Wengine huwa kamatini, wengine wamekwenda mazikoni wadini, na wengine hawana sababu.

Kuna dawa ndani ya Katiba ambayo wananchi hawaitumii. Mwanachama akikosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika ya maandishi, na asiwe na maelezo ya kuridhisha, kiti chake huwa wazi. Daftari la mahudhurio lipo kwa karani. Omba kuliona.

Wanazungumza lugha gani? Nitaelewa?

Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya zote ni halali. Kanuni nyingi zinamtaka anayeanza hotuba kwa lugha moja aimalize kwa lugha hiyohiyo, kwa hiyo utamsikia Spika akimkumbusha mheshimiwa aliyeruka katikati ya sentensi. Kiswahili kiliingia katika Bunge la Kenya mwaka 1974 kwa amri ya Mzee Jomo Kenyatta, na leo katika mabunge ya pwani ndiyo lugha ya hoja kali. Utasikia "Asante Bwana Spika", "hoja ya nidhamu", "naomba kuunga mkono", "naomba kufahamishwa". Mtu wa kawaida huelewa vizuri kabisa.

Tatizo liko kwenye karatasi. Hoja hujadiliwa kwa Kiswahili, lakini mswada wenyewe, ripoti ya kamati na makadirio ya bajeti huchapishwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kisha tangazo hutoka likimwalika mvuvi na mama mboga watoe maoni kuhusu "kifungu cha 14(3)(b)". Huu ni udhalimu, na nautaja wazi. Bunge linaloweza kulipia ziara za kujifunza ng'ambo linaweza kulipia mfasiri wa kurasa 20. Mpaka hilo litendeke, mwambie karani kwa barua kwamba kikundi chenu kinaomba muhtasari wa mswada kwa Kiswahili. Wakiandikiwa na vikundi vitano, watafikiria.

Mswada hupita hatua zipi?

Huchapishwa kwanza. Husomwa mara ya kwanza, yaani hutajwa jina tu, hakuna mjadala. Hupelekwa kwa kamati husika, na kamati ndiyo inayopaswa kuwasikiliza wananchi. Kamati huleta ripoti. Ukisomwa mara ya pili ndipo mjadala mkubwa wa sakafuni: je, wazo la sheria hii ni zuri au baya? Kisha Kamati ya Bunge Zima hupitia kifungu kwa kifungu na kufanya marekebisho. Husomwa mara ya tatu na kupigiwa kura.

Kura nyingi ni za sauti. Spika huwataka wanaokubali waseme "Ndiyo" na wanaopinga waseme "La", halafu hutangaza upande ulioshinda kwa masikio yake. Wasioridhika wanaweza kudai kura ya majina, na hiyo ndiyo hubaki kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yaliyosemwa bungeni, ikionyesha nani alisema nini.

Gavana akiletewa mswada ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha pamoja na sababu zake. Ukirudishwa, bunge linaweza kuurekebisha, au kuupitisha tena vilevile kwa theluthi mbili ya wanachama, na hapo gavana hana budi kukubali. Sheria huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi la serikali, ila kama yenyewe imetaja siku nyingine.

Mimi mwananchi naweza kusema neno wakati gani?

Hili ndilo swali ninalotaka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu wengi huja wakati umepita.

Miaka kadhaa iliyopita niliketi roshanini siku mswada wa ada za kaunti uliposomwa mara ya tatu. Karibu yangu waliketi akina mama wa soko kama kumi, wamevaa leso za sare, wamefunga vibanda siku nzima ili waje wapinge ada mpya ya meza. Walidhani Spika atawauliza. Kura ilipigwa kwa sauti, ikaisha chini ya dakika moja. Mmoja alinigeukia akaniuliza, "Mwanangu, sasa sisi tutasema saa ngapi?" Sikuwa na jibu la kumfariji. Saa yao ilikuwa wiki tatu nyuma, mbele ya kamati ya fedha, kwenye ukumbi wa kijamii ambao tangazo lake lilichapishwa katika gazeti lisilofika sokoni.

Kwa hiyo shika hili: sakafuni mwananchi hasemi. Mwananchi husema kamatini, kati ya kusomwa mara ya kwanza na kusomwa mara ya pili. Katiba, kifungu cha 196, inalilazimu bunge kuendesha shughuli zake hadharani na kuwezesha umma kushiriki. Unaweza kwenda mwenyewe, au kuandika barua inayoitwa memoranda. Andika kifungu unachopinga, sababu, na unachotaka kiwekwe badala yake. Ukurasa mmoja unatosha, na kwa Kiswahili ni sawa. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo.

Muhuri huo una kazi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji George Odunga, ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama ilieleza kwamba tangazo la mara moja gazetini halitoshi. Bunge linapaswa kuwafikia watu pale walipo, kwa njia wanazozitumia. Kuanzia hapo kila bunge la kaunti linajua kwamba sheria ya kodi iliyopitishwa kwa haraka inaweza kuanguka kortini. Barua yenye muhuri, au ushahidi kwamba uliomba kusikilizwa ukanyimwa, ndiyo silaha ya kesi kama hiyo.

Petisheni ni tofauti na maoni ya mswada?

Ndiyo. Maoni ya mswada hufuata mswada uliopo. Petisheni unaianzisha wewe: barabara iliyoachwa nusu, ardhi ya umma iliyowekewa ua, dampo karibu na shule. Sheria humpa kila mtu haki ya kupeleka petisheni kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lililo chini ya mamlaka yake.

Iandike kwa mkono au kwa kompyuta, kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima. Taja jambo lenyewe, juhudi mlizofanya kutafuta suluhu kwingine, kama kuna kesi mahakamani kuhusu jambo hilo, na mnachoomba bunge lifanye. Weka majina, namba za vitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba. Pelekeni kwa karani, au mwombeni mwakilishi wenu aiwasilishe. Spika akiisoma bungeni, hupelekwa kwa kamati, na kanuni za mabunge mengi huipa kamati siku 60 kujibu. Siku ya 61 andikeni barua ya kuulizia. Na siku ya 75 andikeni tena.

Bajeti huingia lini?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka huletwa bungeni kufikia Septemba 1, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Bunge linapaswa kumaliza kabla ya Juni 30. Lisipomaliza, Msimamizi wa Bajeti anaweza kuruhusu kaunti itumie hadi nusu ya makadirio ili hospitali zisifungwe. Mswada wa Fedha, ule wa ada za soko, maegesho na leseni za biashara, huja baadaye: sheria huupa siku 90 baada ya bajeti kupitishwa. Ndiyo maana Julai hadi Septemba ni miezi ambayo mfanyabiashara hapaswi kulala.

Watu hufikiri bunge linaweza kuongeza chochote. Haliwezi. Likiongeza pesa za barabara ya wadi fulani, lazima lipunguze mahali pengine kiasi kilekile. Sehemu kubwa ya mfuko hutoka serikali kuu, ambayo kwa mujibu wa Katiba lazima izipe kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa kwa kufuata hesabu zilizokaguliwa na kuidhinishwa. Kwa mwaka wa 2025/26 kiasi hicho kilikuwa shilingi bilioni 415 kwa kaunti zote 47.

Mwakilishi wangu hajajenga hata daraja. Kwa nini?

Si kazi yake, na sheria inamkataza. Sheria ya Serikali za Kaunti inasema wazi kwamba mwanachama wa bunge asijihusishe, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, na kazi za utendaji wala kutoa huduma kana kwamba ni mfanyakazi wa kaunti. Yeye hutunga sheria, huwakilisha na hukagua. Lawama zetu humsukuma atafute kandarasi badala ya kusoma ripoti, halafu tunashangaa anapokuwa kimya mbele ya waziri aliyempa kandarasi hiyo.

Muulize badala yake: umeomba kauli ngapi mwaka huu? Ulipiga kura gani kwenye Mswada wa Fedha? Petisheni yetu iko kamati gani?

Na usimuulize kuhusu polisi au shule ya upili. Hizo ni za serikali kuu. Kaunti ina afya, kilimo, chekechea, masoko, barabara zake, zimamoto, leseni za pombe na mengine yaliyo kwenye Jedwali la Nne la Katiba.

Bunge la kaunti linaweza kumfukuza gavana?

Linaweza kuanzisha. Hoja huhitaji kuungwa mkono na theluthi moja ya wanachama ili iletwe, na theluthi mbili ili ipite. Kisha huenda Seneti, na huko ndiko huamuliwa. Martin Wambora wa Embu alikuwa wa kwanza, 2014, lakini mahakama zilimrejesha na akamaliza muhula wake. Ferdinand Waititu wa Kiambu aliondolewa Januari 2020, na Mike Sonko wa Nairobi Desemba mwaka huohuo. Bunge la Meru lilipiga kura ya kumwondoa Kawira Mwangaza mara tatu. Seneti ilimnusuru 2022 na 2023, ikamwondoa Agosti 2024.

Siku kama hiyo roshani hujaa hadi ngazini. Siku ya ripoti ya ukaguzi niliketi na watu wawili.

Je, ni kama Baraza la Wawakilishi la Zanzibar?

Kwa sura vinafanana: spika, kanuni, kamati, miswada. Kwa uzito hapana. Baraza la Wawakilishi, lililoanza 1980 na ambalo leo huketi Chukwani, hutunga sheria kwa mambo yote ya Zanzibar yasiyo ya Muungano, na Zanzibar ina katiba yake na rais wake. Kaunti haina katiba yake.

Wanaweza kunizuia kuingia?

Kikao ni cha hadhara. Umma au wanahabari hawazuiwi isipokuwa katika hali ya kipekee ambapo Spika ameamua kuna sababu za haki. Askari wa geti hana mamlaka hayo. Akikukatalia, muulize kwa upole ni uamuzi upi wa Spika, na uombe kuongea na ofisi ya karani.

Nibebe nini?

Kitambulisho, daftari, kalamu na chupa ya maji ya kuacha langoni. Vaa nguo ya heshima. Zima simu. Usipige makofi hata hoja yako ikipita, maana Spika anaweza kuamuru roshani nzima iondolewe. Fika nusu saa mapema, uombe orodha ya shughuli ya siku hiyo, na ukae upande unaowaona viranja. Wakianza kutembea kutoka kiti hadi kiti wakinong'ona, kura iko karibu.